Nani Astahimili? Safari ya Kiazi Kutoka Burnt Forest

Wahenga walinena kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hii imewafunza wengi subira, nayo yastahili heshima iliyopewa. Hata hivyo, yaelekea wahenga hao walikuwa wakilizungumzia tunda lililo mtini bado. Lau wangalisimama kando ya barabara kuu pale Burnt Forest, katika Kaunti ya Uasin Gishu, wakayatazama magunia ya viazi yanayosubiri lori, kabeji zinazosubiri mnunuzi na maziwa ya jioni yanayosubiri asubuhi, pengine wangaliiongezea methali yao kipande cha pili. Mwenye mazao mabichi akivumilia sana, hula iliyooza.

Suala hili lina uzito kwa sababu ya istilahi ambazo zimeenea katika mijadala ya kilimo na maendeleo. Wataalamu husema kwamba mnyororo wa ugavi wa chakula sharti uwe endelevu na stahimilivu. Mwanafunzi wa lugha akizipima istilahi hizi, ataona kwamba kila moja ina mzigo wake. Mnyororo huunganisha, lakini mnyororo huo huo hufunga. Wazee wa Afrika Mashariki waliujua mnyororo wa utumwa kabla wajukuu wao hawajausikia mnyororo wa thamani. Ugavi nao umetokana na kitenzi kugawa, na palipo na kugawa pana swali la nani amepata fungu lipi. Ama ustahimilivu, katika matumizi ya kila siku anayestahimili ni mtu: mgonjwa hustahimili maumivu, mjane hustahimili upweke, maskini hustahimili njaa. Je, neno hili linapohamishwa kutoka kwa mtu hadi kwa mnyororo, mzigo nao huhama, au hubaki pale pale mgongoni mwa mtu? Hilo ndilo swali linalochunguzwa hapa, na viazi vya Burnt Forest ndivyo mashahidi wa kwanza.

Burnt Forest ni mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Nakuru kwenda Eldoret, msafiri akishaivuka baridi ya Timboroa. Jina lake la Kiingereza lina maana ya msitu ulioungua. Mahali hapa pako zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi zake ni za ukungu na usiku wake una baridi kali. Hali hiyo hiyo impayo mgeni mafua ndiyo ipendwayo na kiazi, kabeji, karoti na ng'ombe wa maziwa. Barabara yenyewe ni sehemu ya njia kuu inayoanzia bandari ya Mombasa, ikapitia Nairobi, Nakuru na Eldoret, ikaendelea hadi Uganda, Rwanda, mashariki mwa Kongo na Sudan Kusini. Malori ya mafuta na ya makontena hupita hapo mchana kutwa na usiku kucha. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba mkulima wa Burnt Forest yuko mbali na soko. Soko hupita mlangoni pake. Ajabu ni kwamba kupitiwa na soko na kufaidika na soko ni mambo mawili tofauti.

Mfano wa kiazi watosha kulifafanua hili. Nchini Kenya, kiazi ni zao la pili la chakula kwa umuhimu baada ya mahindi, na aina iliyotawala mashamba ni ile iitwayo Shangi. Wakulima wameipenda kwa sababu za busara kabisa: hukomaa upesi, huzaa sana, na huiva upesi sufuriani hivyo kuokoa kuni na makaa. Lakini Shangi ina dosari moja kubwa, nayo ni kwamba usingizi wake ni mfupi. Kiazi kikishachimbuliwa hulala kwa muda kabla ya kuchipua. Zipo aina zinazolala miezi kadhaa, ilhali Shangi huamka baada ya majuma machache tu. Kiazi kilichoamka hunyauka na kupoteza uzito, na kikipigwa na mwanga hugeuka kijani kikawa kichungu, tena chenye sumu. Mkulima aliyekwisha kuchimbua hana basi nafasi ya kuvumilia. Hana ghala lenye giza na hewa ya baridi. Ana chumba kimoja cha akiba, turubai na dua. Bei ikiwa duni siku hiyo, atauza kwa bei hiyo duni. Na kwa kuwa majirani zake walipanda kwa mvua ile ile na kuchimbua majuma yale yale, bei huwa duni hasa wakati ambapo kila mtu ana viazi.

Hapo ndipo aingiapo dalali. Ni desturi ya waandishi wengi kumchora dalali kama fisi aliyeingia zizini, lakini uadilifu wataka aelezwe kwa haki. Dalali huja shambani na pesa taslimu. Huwajua wenye malori, na huwajua wauzaji wa soko la Wakulima jijini Nairobi, ambalo wengi huliita Marikiti, pamoja na wale wa Kongowea kule Mombasa. Pasingekuwa naye, viazi vingi vingeozea udongoni. Tatizo ni kwamba mara nyingi yeye peke yake ndiye azijuaye bei za pande zote mbili, na ndiye aletaye kipimo. Kipimo chenyewe huitwa lumbesa: gunia linalojazwa hadi pomoni, kisha likashonewa wavu au kipande cha gunia jingine juu yake, likavimba kichwani kama mtu aliyevaa kilemba. Mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Kilemba hutolewa bure.

Serikali haikunyamaza juu ya jambo hili. Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya mwaka 2013, ziliagiza kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Agizo hilo lilikusudiwa kuulinda mfuko wa mkulima, na hali kadhalika uti wa mgongo wa kijana apakiaye lori. Lakini lumbesa haikutoweka, kwa kuwa mkulima mmoja akiikataa, dalali huvuka ua akaenda kwa jirani. Sheria imeandikwa mjini, na shambani hakuna mizani. Ikiulizwa ni nani anayestahimili katika kiungo hiki cha mnyororo, jibu halihitaji utafiti mrefu. Dalali hupandisha na kushusha bei kulingana na habari alizo nazo. Mwenye lori hudai nauli yake kabla ya kung'oa nanga. Mwenye hoteli huongeza bei ya sahani au hupunguza viazi ndani yake. Aliye mwisho wa foleni ya kusukumiana hasara ni yule aliyekuwa wa kwanza kushika jembe.

Maziwa yana kisa kinachofanana na hicho, ila saa zake ni chache zaidi. Ng'ombe hukamwa asubuhi na jioni. Maziwa ya asubuhi hupata pikipiki au gari la kuyafikisha kwenye kituo cha kukusanyia. Ya jioni mara nyingi hukosa, yakalala nyumbani, na yakifikishwa kituoni kesho yake huwa yamekwisha kuchacha. Familia huyanywa, huyagandisha yakawa mala, au huyapa ndama. Historia ya sekta hii imejaa mafunzo. Shirika la KCC, lililoanzishwa mwaka 1925 enzi za walowezi, lilikuwa kwa miaka mingi mnunuzi mkuu wa maziwa nchini. Soko lilipofunguliwa mwaka 1992, shirika hilo likaingia katika misukosuko iliyowaacha wafugaji wengi wakidai malipo yao, hata serikali ikalifufua mwaka 2003 kwa jina la New KCC. Mnyororo uliotegemea kiungo kimoja kikubwa ulionekana imara mpaka siku kiungo hicho kilipolegea. Vyama vya ushirika vilivyopata matangi ya kupozea maziwa vimeonyesha njia nyingine. Tangi likiwa karibu na nyumba za wafugaji, maziwa ya jioni hupata mahali pa kulala bila kuharibika, na kazi ya kustahimili usiku huondolewa kwa mfugaji ikapewa chuma na umeme. Huo ndio ustahimilivu unaostahili kusifiwa.

Hata hivyo, hakuna tangi wala ghala liwezalo kuulinda mnyororo ambao viungo vyake ni watu wanaoogopana. Burnt Forest inalijua hili kuliko miji mingi. Eneo hili lilikumbwa na mapigano ya kikabila mwaka 1992, na likaumia tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mnamo tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret liliteketezwa likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta usalama. Nchini kote, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakayahama makwao. Barabara hii ya Nakuru na Eldoret ilizibwa kwa mawe na magogo. Malori yakawa yanasafiri kwa misafara yenye ulinzi, na uhaba wa mafuta ukasikika hadi Uganda na Rwanda. Maziwa yalikosa njia ya kufika viwandani. Maghala yaliteketea pamoja na nyumba. Mwenye shamba alikuwa kambini, mwenye ng'ombe hakuwa na mnunuzi, na mlaji wa mjini alilipa zaidi akapata kidogo.

Ni wakati ule ilipodhihirika kwamba mnyororo wa chakula ulikuwa umeshikwa na kitu ambacho hakiandikwi katika daftari za biashara, yaani imani ya jirani kwa jirani. Katika ukanda huu, apandaye viazi, afugaye ng'ombe, aendeshaye lori na auzaye kando ya barabara mara nyingi hawakuzaliwa katika lugha moja. Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya na wengineo hukutana sokoni, na lugha wanayopatania bei ni Kiswahili. Imani hiyo ikivunjika, hata lami iliyo nzuri kabisa huwa ukuta.

Askofu Cornelius Korir wa Jimbo Katoliki la Eldoret, aliyefariki mwaka 2017, aliyapa maarifa haya jina la Kiswahili. Kitabu chake cha mwaka 2009, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kinaitwa Amani Mashinani. Askofu huyo alishikilia kwamba amani huanzia chini, katika mazungumzo ya makundi madogo ya majirani, kisha huimarishwa na miradi ya pamoja ambayo kila upande unaihitaji, kama vile barabara, josho la mifugo, shule na soko. Watu wanaotumia josho moja hupata sababu ya kutotaka mwenzao afukuzwe. Kwa mtazamo huo, soko la Burnt Forest si mahali pa kubadilishana kabeji na noti tu. Ni mojawapo ya mahali ambapo watu waliowahi kukimbiana hulazimika kutazamana usoni, wakabishana juu ya shilingi kumi, na kuagana hadi siku ya soko ijayo. Mpango wowote wa kuimarisha ugavi wa chakula unaomwondoa mtu katika kukutana huko, hata ukiwa wa kisasa namna gani, utakuwa umeongeza kasi na kupunguza usalama.

Hatari nyingine iko kwenye barabara yenyewe. Wanawake wengi wa nyanda hizi huuza viazi na mboga ukingoni mwa lami, kwa ndoo na kwa debe, kwa sababu hapo ndipo msafiri anaposimama. Ndoo ni kipimo kinachoonekana kwa macho. Malipo hupokelewa papo hapo, siku hizi mara nyingi kwa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007. Na dalali hayupo. Kwa hiyo pale ukingoni ndipo mzalishaji apatapo fungu lililo karibu zaidi na haki, na ndipo anapouhatarisha uhai wake. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, lori lilipoteza mwelekeo likawavamia wachuuzi na abiria, na watu wasiopungua 50 wakafa. Baada ya msiba huo ilisemwa kwamba masoko ya kando ya barabara yahamishwe. Nia ilikuwa njema, lakini soko likipelekwa mahali ambapo magari hayasimami, wachuuzi watarejea barabarani, kwa maana njaa haisomi mabango. Kinachohitajika ni soko lililo karibu na barabara lakini lililotengwa nayo, lenye maegesho, paa, taa, maji na choo.

Misukosuko mingine imekuja kutoka mbali zaidi. Janga la korona lilipoingia mwaka 2020, magari ya chakula yaliruhusiwa kupita hata baada ya watu kuzuiwa kuingia na kutoka Nairobi. Lakini shule zilikuwa zimefungwa na hoteli zimepunguza kazi, na wale ndio waliokuwa wanunuzi wakubwa wa viazi na kabeji. Lori lilikuwa na ruhusa ya kwenda, ila halikuwa na pa kwenda. Kisha mvua kubwa za mwaka 2024 zikaharibu barabara katika sehemu nyingi za Kenya, na tarehe 29 Aprili maji yenye matope yakaua makumi ya watu huko Mai Mahiu.

Kuna wanaofikiri kwamba dawa ya mashaka haya ni kuagiza chakula kutoka nje, kwa mnyororo mrefu unaosimamiwa na kampuni kubwa. Januari 2022 iliwajibu. Mwezi huo maduka ya KFC nchini Kenya yaliishiwa na chipsi, kwa kuwa shehena ya viazi kutoka ng'ambo ilikuwa imechelewa. Wakenya walihamaki, wakauliza inakuwaje nchi ya viazi ikose viazi. Kampuni ilieleza kwamba wauzaji wake hulazimika kupita katika ukaguzi wa ubora wa kimataifa, kisha ikaahidi kutafuta viazi vya nchini. Hasira ile ilikuwa na haki, lakini ilikuwa na upofu pia. Chipsi za viwandani huhitaji kiazi cha umbo na wanga maalumu, kilichotokana na mbegu safi, kinachopatikana mwaka mzima kwa kiwango kile kile. Mkulima wa Shangi asiye na mbegu iliyothibitishwa, asiye na ghala wala mkataba, hawezi kutoa ahadi hiyo hata akipenda. Mnyororo mrefu ulikatika baharini, na mnyororo mfupi haukuwa umeundwa ukakamilika. Pengo lililobaki katikati ndilo kazi ya kizazi hiki.

Kazi hiyo haina miujiza ndani yake. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno, kabla ya kufika madukani. Ni chakula ambacho kimekwisha kulimwa, kikanyeshewa na kupaliliwa, kwa hiyo kukiokoa ni kuvuna mara ya pili bila kupanda. Kwa Burnt Forest, maana yake ni maghala ya pamoja yenye giza na hewa, mizani ya chama cha ushirika iliyo kijijini, mbegu safi zisizobeba ugonjwa wa mnyauko, aina za viazi zinazolala muda mrefu zikipandwa sambamba na Shangi, na mikataba inayomtaja mnunuzi na bei kabla ya jembe kuingia udongoni. Kila moja ya hatua hizi humwondolea mkulima sehemu ya mzigo wa kustahimili na kuiweka mahali penye nguvu zaidi.

Fauka ya hayo, kuna hatua inayowahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, lakini sheria na kanuni za mazao bado huandikwa kwa Kiingereza. Mkulima anayedhulumiwa kwa lumbesa analindwa na maandishi asiyoweza kuyasoma, na dalali anajua hivyo. Vijikaratasi vya dawa za mimea, mikataba ya ununuzi na masharti ya ubora, vyote hivi ni vifungu vya lugha kabla ya kuwa vifungu vya biashara. Vyuo vikuu vimetoa tasnifu nyingi juu ya riwaya na ushairi, nazo zina thamani yake. Tafsiri moja nyofu ya kanuni za viazi, iliyo katika Kiswahili kinachoeleweka penye magunia, nayo ingekuwa tasnifu yenye wasomaji.

Neno ustahimilivu litaendelea kutumika katika mikutano na ripoti, wala si neno baya. Linahitaji tu kuulizwa swali kila linapotamkwa: ni nani hapa anayeambiwa astahimili? Ikiwa jibu ni ghala, tangi, daraja, mkataba na sheria inayosomeka, basi neno limetumika mahali pake. Ikiwa jibu ni mwanamke aliyeketi ukingoni mwa lami na ndoo yake ya viazi, huku malori yakimpita kwa kasi, basi mnyororo haujaimarishwa. Yeye amekwisha kustahimili vya kutosha.